Dole Gumba Kwenye Taa ya Ndege

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye somo nataka niwapeleke uwanja wa ndege. Msinyooshe shingo hivyo, si ule wa lami na maduka ya vioo. Ni uwanja wa nyasi, huko mbugani, kando ya hospitali ndogo ya misheni. Ng'ombe wanalisha papo hapo, na ndege inatua papo hapo.

Palikuwa na rubani mmoja. Kindege chake kilikuwa na viti vichache na machela, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka mjini wagonjwa waliozidi uwezo wa hospitali ile. Kwenye bawa kulikuwa na taa ya kutua. Mtaniuliza, mchana taa ya nini? Swali zuri. Taa ile ilikuwa ya wachunga ng'ombe wamwone yeye. Mvua ikinyesha, mngurumo wa injini hujui unatokea upande gani, lakini nuru inaonekana. Wakiiona tu, wanapiga miluzi na kuondoa mifugo.

Sasa, ndani ya taa hiyo mlikuwa na balbu ndogo, haizidi kidole, na balbu hizo zilikuwa hazikai. Mpya inafungwa, inawaka safari mbili tatu, puu! Rubani akawaza, labda ni mtikisiko wa ndege. Akaiwekea vipande vya mpira. Ikafa. Labda umeme unazidi? Akapima, umeme uko sawa. Ikafa tena. Mtu yule alikosa usingizi kwa kutaka kujua kinachoziua balbu zake.

Lakini pale palikuwa na desturi. Balbu mpya ilikuwa haifungwi kabla ya kuombewa. Kikundi cha maombi kilikuwa na mlezi wake, mama mmoja mtu mzima, ambaye akifunga kula, hata shetani anakosa hamu ya chakula. Waliipitisha balbu mkono kwa mkono wakiomba, na mwisho mama huyo akachovya dole gumba kwenye mafuta ya upako na kuichora msalaba. Mnacheka? Mngekuwepo, amina yenu ingevunja madirisha.

Na kila balbu iliyokufa, walipoitoa, walikuta kitu cha ajabu. Juu ya kioo palikuwa na msalaba mweupe, umechoreka wenyewe! Vigelegele vikapigwa. Ishara! Basi iliyofuata ikapakwa mafuta mara mbili.

Siku moja ya mvua kubwa rubani aliitwa haraka. Mke wa mtoto wa yule mama alikuwa amejifungua, na damu haikatiki. Rubani akaja, akaishusha ndege karibu na uwanja, akawasha taa. Ikawaka kidogo, ikazima. Chini hakuna aliyemwona. Ng'ombe wametanda uwanja mzima! Akapandisha ndege juu, akazunguka, akarudi, ng'ombe wangali pale. Akazunguka tena. Na ndani ya hospitali binti wa watu anaishiwa damu, mama mkwe amemshika mkono, anaisikia ndege juu ya paa na haitui. Mnaweza kuifikiria sauti hiyo?

Mwishowe wachunga ng'ombe walimwona, wakaondoa mifugo, akatua. Yule binti aliponea chupuchupu.

Juma lililofuata rubani akaenda nyumbani kwa mama, amefunga balbu zilizokufa kwenye leso.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea ishara zetu?”

“Nimezileta. Ila kuna neno linanikera. Kama hii ni baraka, mbona inaonekana kwa zilizokufa tu?”

Mama akachukua moja, akaigeuzageuza dirishani. Na yeye alikuwa mtu wa kuchunguza, msimdharau. Akaweka dole gumba lake juu ya lile doa jeupe la msalaba. Likaenea barabara. Akachukua ya pili, ikawa vilevile. Akasema, “Kapteni, huu si mkono wa Bwana. Hiki ni kidole changu.”

Wapendwa, kioo cha balbu ile kikiwaka kina moto kupita kikaango. Hakitaki mafuta hata kidogo, hata yale ya ngozi ya mtu aliyenawa. Mafuta yanaungulia pale pale, yanafanya doa, doa linakusanya moto, kioo kinalegea na kuvimba. Ukitaka idumu, unaishika kwa kitambaa safi. Ukiigusa kwa bahati mbaya, unaifuta kwa spiriti kabla ya kuwasha. Basi.

Balbu mpya ikaja. Mama akasimama mbele yake na chupa ya mafuta, hajui afanye nini. “Haya, nikupake wewe mikono.”

“Mama, usinipake! Mimi ndiye ninayeifunga!”

Watu wakacheka. Mama hakucheka, machozi yalimlengalenga. “Kwa hiyo mkono wangu hauna kazi tena?”

“Unayo, mama,” rubani akasema. “Ukaondoe ng'ombe.”

Na alikwenda! Alijifunga kanga kiunoni, akachukua fimbo, na kikundi chote nyuma yake. Siku za ndege wakawa wanaomba huku wanatembea uwanjani, na balbu ile ikakaa mpaka wakaisahau.

Sasa turudi kwetu. Sisi tukiona kitu kinawaka, hatutulii mpaka tumekishika. Mtoto ameoa, tunamshika. Binti ameanza kazi, tunamshika. Tunashika kwa upendo, tena kwa maombi, na kikizima tunaliona doa letu wenyewe na kuliita msalaba.

Mwinjilisti wetu mpya yuko pale, msimgeukie, ataona haya. Alikuja anawaka. Mmoja wetu anamtaka ahubiri kama marehemu aliyemtangulia. Mwingine anamtafutia mchumba. Mwingine anamfundisha namna ya kukohoa kabla ya sala. Juzi nilimkuta kimya, nikamuuliza, vipi? Akaniambia, “Salama, mchungaji.” Mnaijua salama ya namna ile. Mimi niliogopa.

Na nyumba tuliyompa, mvua inamnyeshea kitandani. Mikono yote hii tuliyomwekea, ni upi uliopanda juu ya paa lake?

Kwa hiyo leo, baada ya ibada, sitaita watu mbele kumwombea. Mwenye ngazi akailete. Nyundo ninayo.