Pimbi Akodi Gari la Umeme la Kifaru

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na kilima!
— Na juu ya kilima?
— Utwambie wewe!
— Nikiwaambia mtalala?
— Hatulali!
— Basi kaeni sawa. Atakayelala nitampitia juu na gari.

Palikuwa na kilima, kilima kirefu cha mawe matupu, na juu yake alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama mdogo wa majabalini, mkia hana, miguu mifupi kama ya kigoda. Alikaa na watoto wake katika pango, pango alimozaliwa yeye, akazaliwa mama yake na mama wa mama yake. Kazi yake ilikuwa bondeni, kwenye mashine ya kusaga nafaka. Na shughuli zote bondeni: maji bondeni, dawa bondeni, mboga bondeni. Kila siku Pimbi anashuka, tiki tiki tiki. Kila siku Pimbi anapanda, tiki... tiki... tiki. Anatoka watoto wamelala, anarudi watoto wamelala. Mpaka asubuhi moja, siku ya mapumziko, yule kitinda mimba wake akamkazia macho, akasema, "Shikamoo, mgeni."

Ee! Mimi msimuliaji imeniuma, sembuse yeye aliyemzaa. Pimbi alilia siku hiyo mpaka macho yakavimba. Kisha akanawa uso, akasema, "Basi. Natafuta gari."

Sasa gari kilimani lilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa Kifaru. Gari dogo la umeme, jekundu, linachajiwa kwa sola iliyokuwa juu ya banda lake. Moshi halitoi, kunguruma halingurumi; likipita unasikia zzziii, basi. Na Kifaru mwenyewe mnamjua: ana nguvu, ana pembe, ila macho yake hayaoni vizuri hata pua yake. Halafu mroho! Akishakula shamba lako, anakaa hapo hapo anangoja umwambie asante.

Pimbi akaenda akabisha hodi.

"Shikamoo, Bosi Kifaru. Nimekuja kukodi gari lako, niwe nalo asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi."

"Marahaba. Utanipa nini?"

"Pumba za mashine, gunia kila wiki."

"Pumba nitakula. Na masharti, utayaweza?"

"Nitayaweza."

"Mbona hujayasikia?"

"Nitayaweza, bosi. Wewe sema."

Kumbe Kifaru siku nyingi alikuwa analitamani lile pango. Mchana lina ubaridi wake, na yeye anapenda kulala mchana. Akaita kilima kizima kije kisikie. Akaja na Kanga, mfanyakazi wake, ambaye ndiye alikuwa macho yake: kila cha kusomwa na cha kuhesabiwa anakisoma Kanga. Kifaru akainua pembe juu.

"Naapa kwa pembe yangu, nikirudi nyuma katika neno langu, pembe hii ianguke chini! Kila asubuhi nitakupa gari lina vijiti vitatu vya chaji kwenye kioo. Kuchaji ni hapa kwangu tu, si kwingine. Jioni lirudi na vijiti vitatu. Kikipungua kimoja, pango ni langu."

Wanyama wakaguna. Nani ashuke kilima kile, apande kilima kile, na chaji isipungue?

"Na ikizidi, bosi?" Pimbi akauliza.

Kifaru akacheka, gwa gwa gwa, tumbo likatikisika. "Izidi? Mtu apande mlima izidi? Ikizidi, gari lako!"

"Kuna sharti jingine?"

"Tope! Sitaki tope ndani ya gari. Atakayeingiza tope, awe nani, hana haki na gari hili tena!"

"Nimekubali," akasema Pimbi. "Nitakwenda na nitarudi."

Kulipokucha Pimbi akaingia garini, akaweka gogo kwenye kiti ili aone mbele. Zzziii! Kushuka. Mteremko mkali, akakanyaga breki pole pole. Akatupa jicho kwenye kioo cha chaji. He! Kijiti cha nne kikakonyeza, kikazima. Akakanyaga tena. Kikakonyeza tena, kikazima tena.

Kwani mlikuwa hamjui? Gari la umeme likishuka na breki, magurudumu yenyewe yanalisha betri. Ndivyo lilivyo. Ila Pimbi ni mwepesi, na gari jepesi linapata chakula kidogo. Jioni kupanda, chaji ikaanza kushuka. Pimbi akazima taa, akazima feni, akajibana kwenye usukani kama anayelisukuma kwa kifua. "Panda, mama, panda. Pango hilo, panda." Akafika jasho linamtiririka.

Kanga akachungulia kioo. "Kimoja. Viwili. Cha tatu... kinapepesa. Lakini kipo!"

Kifaru akapiga mguu chini, gubu! "Kesho hakitakuwepo."

Na kweli kesho kisingekuwepo, Pimbi alilijua hilo. Alirudi akawakuta watoto macho, wakamrukia shingoni, wakala pamoja. Alifurahi sana, na aliogopa sana, maana pango lenyewe wanamokula lilikuwa linaning'inia kwenye kijiti kinachopepesa. Akatafuna mboga, akawaza. Gari linataka uzito wa kushukia. Na kilimani hapa, mzito kuliko wote ni nani?

Akaweka sahani chini. Akaenda kwa Kifaru, akapiga magoti, akajiliza.

"Bosi, nakuomba kitu kimoja. Masharti yote nitatii. Ila wewe usipande kwenye lile gari. Ulivyo mnene, ukipanda wewe, chaji itakwisha yote, nami nitakwisha!"

Kifaru akasimamisha masikio. "Gari ni la nani?"

"Lako, bosi."

"Basi kesho nakwenda na wewe! Kanga, nawe utakuja, ukashuhudie pango langu linavyopatikana."

"Maskini mimi," akasema Pimbi, akatoka haraka asije akaonekana anacheka.

Asubuhi Kifaru akaingia garini. Kwiiich! Likainama hivi. Nyakaa! Likakaa sawa. Kanga akabanwa kwenye kioo cha nyuma. Zzziii! Kushuka. Pimbi akakanyaga breki pole pole. Kijiti cha nne kikawaka, hakikuzima. Akakanyaga. Cha tano kikawaka. Akakanyaga. Cha sita!

Kanga akanyoosha shingo. "Bosi, vijiti..."

"Nyamaza! Napunga upepo. Utasema jioni."

"Lakini bosi, vijiti vi..."

"Nimesema jioni!"

Kanga akafunga mdomo. Wakafika bondeni, viko saba. Lakini Kifaru akashuka akisema, "Jioni nitapanda tena, turudi wote!" Kumpandisha mlima yule ni kuimwaga chaji yote, pango liende, watoto walale nje. Pimbi akashika usukani, akavuta pumzi. Hakuwa amefika mpaka pale ili ashindwe.

"Sawa, bosi. Wewe pumzika tu. Ila usiende kule nyuma ya mashine. Kuna dimbwi, tope lake laini kama uji, lakini ngiri wamesema ni la kwao, mtu mwingine haingii."

"Ngiri? Ngiri wananipangia mimi?"

Chubwi! Ngiri wakatoka mbio. Chobwe, chobwe, Kifaru akagaagaa, akageuka huku, akageuka kule, akalala fofofo humo mpaka mashine ilipozimwa.

Jioni akaja anatiririka tope kuanzia pembe hadi mkia. "Fungua mlango, turudi."

Pimbi akafungua mlango wazi kabisa. Akainama kwa heshima. "Karibu, bosi. Karibu sana. Ila Kanga, hebu nikumbushe, atakayeingiza tope garini vipi?"

Kanga, ambaye alikuwa amenyamazishwa tangu asubuhi na maneno yanamwasha kooni, akasema kwa sauti ya bonde zima, "Awe nani, hana haki na gari hili tena! Aliapa kwa pembe yake!"

Kifaru mguu ulikuwa umeshainuliwa. Ukabaki hewani. Akapeleka ulimi akagusa pembe. Ipo. Akaurudisha mguu chini, taratibu.

"Nitatembea," akasema. "Nilitaka kutembea tangu mwanzo."

Pimbi akapanda kilima yeye na Kanga, wepesi wawili. Vijiti vikapungua: sita, vitano. Alikaza macho barabarani, akasema peke yake, "Nimekwenda, na ninarudi." Walipofika juu, kilima kizima kilikuwa kimesimama kinangoja. Wakamngoja na Kifaru. Akaja akihema, hwaa, hwaa, tope limemkaukia kama ukuta.

"Haya Kanga! Soma! Vimebaki vingapi?"

"Kimoja. Viwili. Vitatu."

Kifaru akatikisa kichwa, hakuamini.

"Vinne," akasema Kanga.

Vigelegele! Watoto wa Pimbi wakarukia juu ya boneti. Kifaru akafoka, "Umesoma vibaya!" Kanga akajibu, "Asubuhi nilitaka kukusomea, ukaniambia jioni. Jioni ndiyo hii." Kifaru akaitazama pembe yake, akawatazama wanyama, akaenda zake kulala bila kula. Kifaru bila kula! Mjue ilimkolea.

Asubuhi yake, Pimbi anatoka na gari lake, anamkuta Kifaru kasimama njiani.

"Bi Pimbi, naomba lifti. Nami nina shughuli bondeni."

Pimbi akamfungulia mlango wa mbele. "Panda, bosi. Bure. Kushuka nitakuchukua kila siku ya Mungu. Kupanda tu ndiyo utapanda kwa miguu."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Kifaru akaingia, kwiiich! Na mpaka leo anawatambia wenziwe kwamba amempata mjinga wa kumwendesha bila malipo.

Ngano yangu imefika bondeni, nimevuta breki. Kama imewakolea, pakieni mwende nayo nyumbani. Kama haikuwakolea, teremkeni hapa hapa.

Na funzo? Funzo ni hili, watoto wangu: msiwe wajanja, ujanja hauna faida. Mwangalieni Pimbi. Zamani alikuwa na pango lake tu, akilala usingizi wake. Sasa ana gari, na kila jirani anataka apelekwe hospitali, sokoni na harusini. Kuweni kama Kifaru: kila siku anapata lifti, na mazoezi ya mlima juu yake.