Nguzo ya Mabakuli Saba

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mmejibu kama mnaumwa meno? Paukwa.

Pakawa.

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa upande wa moshi usinung'unike, ulichagua mwenyewe. Hapo zamani za kale, zile za wanyama na watu kuamkiana njiani, palikuwa na kijiji kikiitwa Kidongoni. Watu wake walisifika kwa jambo moja tu, usafi. Nyumba zao zote zilipakwa chokaa, na kila mgeni alipotarajiwa zilipakwa upya. Ukimsikia mwanamke wa Kidongoni anagombana na mumewe, jua ukuta umeingia doa.

Mpika chokaa wao alikuwa Tima binti Makame. Chokaa hupikwa kwa mawe ya matumbawe: unayavunja, unayapanga juu ya magogo, unayachoma mpaka yawe unga mweupe. Tima aliijua kazi hiyo kuliko wanaume, nao walimnunia kwa sababu hiyo. Mume alikuwa keshamkimbia, akaenda kwa yule mwanamke wa ng'ambo mwenye mwanya, nani hajui. Tima akabaki na binti mmoja, Mwanatumu. Mwanatumu naye akafa kwa homa, na miaka yake tisa. Wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na kisima. Kila asubuhi Tima alikwenda kulifagia kaburi na kumpa mtoto habari za mji: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kafumaniwa.

Siku moja Sultani akaleta maneno. Anakitaka kisima na ardhi yote inayokizunguka, apande minazi. Akasema: "Watu wa Kidongoni ni wapita njia. Wakionyesha kazi ya mikono ya babu zao hapo, wakae. Wasipoonyesha, wafungashe. Nitamtuma Kobe, mwenye miaka mia mbili mgongoni. Yeye anajua cha kale na cha jana."

Jumbe Mwinyimvua akashika kichwa. Kila mtu alisema babu zake walikuwapo. Hakuna aliyejua wako wapi.

Tima akaenda kwa Muhanga, yule mnyama mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe. Siku zile Muhanga alichimba mchana kweupe, na soga alikuwa nazo.

"Shikamoo, Bwana Muhanga."

"Marahaba, Bi Tima. Leo umekuja bila kicheko."

"Wanataka kunihamisha nimwache mwanangu. Nichimbulie babu zangu."

"Mimi natafuta mchwa. Babu zako hawaliki." Kisha akamwonea huruma. "Lakini kule kichakani, nikichimba, kucha zangu hugonga vitu. Twende."

Siku ya kwanza Muhanga akachimba, akachimba, akachimba, akatoa vigae vya vyungu.

"Ndio wao?"

"Hapa ndipo walipokula. Bado."

Siku ya pili akachimba, akachimba, akachimba, akatoa ushanga.

"Ndio wao?"

"Hapa ndipo walipojipamba. Bado."

Siku ya tatu akachimba, akachimba, akachimba, mchanga ukaporomoka, na nguzo ikaonekana. Nguzo ya kaburi, ndefu kama watu wawili, imezungukwa na kuta za matumbawe. Juu yake yamepachikwa mabakuli saba ya buluu, na chini ya mabakuli maandishi yamechongwa kwenye jiwe, yameota ukoga wa kijani.

"Ndio wao," Muhanga akasema. "Sasa nisikilize. Msiguse. Kobe aione kama ulivyoiona wewe."

Tima akaikumbatia ile nguzo na uchafu wake wote. Halafu akakimbia nyuma ya nyumba. "Mwanatumu, mama, hatuhami," akamwambia.

Kijiji kizima kikaja kutazama. Wakaimba, wakapiga vigelegele. Kisha akina mama wakainama, wakautazama ule ukoga, wakatazamana.

Siku ya kwanza Jumbe akasema: "Kobe ni mjumbe wa Sultani. Tutampakulia kwenye vifuu? Toeni mabakuli hayo."

"Yaacheni yalivyo," akasema Muhanga.

"Jumbe, yaacheni yalivyo," akasema Tima.

"Tusije tukachekwa," akasema Jumbe. Mabakuli yakang'olewa kwa patasi. Moja likapasuka, yakabaki sita.

Siku ya pili akina mama wakaja na makumbi na mchanga, wausugue ule ukoga.

"Uacheni ulivyo," akasema Muhanga.

"Shoga zangu, uacheni ulivyo," akasema Tima. "Kwanza Mwalimu Sharifu asome."

"Jiwe chafu namna hii nilisogelee na kanzu yangu?" akasema mwalimu, msomaji pekee pale kijijini. "Nitasoma likitakata."

"Tusije tukachekwa," wakasema akina mama. Wakasugua mpaka maandishi yakafifia kama chapa ya sabuni iliyotumika.

Siku ya tatu nguzo ilikuwa na mikwaruzo kila upande. "Haionyeshiki hii," akasema Jumbe. "Ipakwe chokaa."

"Mawe ya chokaa yamekwisha," mtu akasema.

"Si haya hapa?" Jumbe akaonyesha zile kuta.

Muhanga akamgeukia Tima. "Bi Tima, sema."

Tima akafungua kinywa. Lakini Jumbe alikuwa na ulimi wa halua, wake zake wanne hawakuja kwa sura yake. "Hakuna mkono unaopaka kama mkono wa Tima," akasema mbele ya watu wote. "Kobe akija, neno la kwanza atakalouliza ni nani kaipaka hii."

Tangu mumewe aondoke hakuna aliyemsifu mbele za watu. Halafu, akiitazama ile nguzo, na yeye aliona aibu. Ilikuwa imechakaa kweli. Mgeni angesemaje?

"Tusije tukachekwa," akasema Tima.

Muhanga akaingia shimoni mwake, akaufukia mlango kwa ndani.

Tima akazivunja kuta, akazichoma, akaikoroga chokaa. Akapaka mkono wa kwanza, akapaka wa pili, akapaka wa tatu, akasugua kwa jiwe laini mpaka nguzo ikawaka juani. Watu wakasema hawajapata kuona kazi kama ile. Na ilikuwa kweli.

Baada ya siku tatu Kobe akafika. Wakampakulia mchicha kwenye mabakuli ya buluu, maana nyama hali.

"Mabakuli mazuri," akasema. "Mmeyanunua wapi?"

"Ya babu zetu hayo, Mzee Kobe. Yalikuwa kwenye nguzo yao."

"Nipelekeni."

Akaizunguka nguzo mara tatu, pole pole kama unavyomjua. Akailamba. Akatema.

"Hii ina siku tatu," akasema.

"Chini yake ni ya kale," akasema Tima. "Wallahi ni ya kale. Kuna maandishi."

"Nionyeshe, mwanangu."

Tima akakwangua kwa kucha. Chokaa yake ilikuwa nzuri, ilishika. Ilipobanduka, ilibanduka na ngozi ya jiwe, na chini yake palikuwa patupu. Akakwangua upande wa pili, patupu. Akakwangua mpaka vidole vikatoa damu.

"Yalisema nini?" Kobe akauliza.

Wote wakamtazama Mwalimu Sharifu. Mwalimu akakunja mikono ya kanzu, akaikunjua. "Nilikuwa nangoja yasafishwe."

"Na kuta zilizoizunguka?"

Tima akainua viganja vyake vyeupe. "Ndizo hizi."

Jumbe akapiga mbio hadi kwenye shimo la Muhanga kutafuta shahidi. Akaita mara moja, akaita mara mbili, akaita mara tatu. Mlango haukufukuliwa. Tangu siku ile Muhanga hatoki mpaka watu wamelala, na akitusikia tunakuja anajifukia.

"Mimi nakuamini," Kobe akamwambia Tima. "Lakini sikutumwa kuamini. Nimetumwa kuona, na nilichokiona ni chokaa."

Wakahama. Wafanyakazi wa Sultani wakasawazisha ardhi kwa majembe, nyumba na makaburi pamoja. Pale alipolala Mwanatumu wakapanda mnazi, au labda ni mnazi wa pili yake. Tima alirudi mara moja kutazama, na hakuweza kuutambua ni upi.

Kule ugenini walipopokelewa, wenyeji waliwauliza kila mara: "Ninyi wa wapi hasa?" Watu wa Kidongoni wakatazama chini. Tima akapewa tanuru, kwa sababu sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Asubuhi wakamletea mawe. Akaokota la kwanza, akaligeuza, akalitia mate, akalifuta kwa kanga, akalisogeza karibu na macho kutafuta kama limeandikwa. Akaliweka kando. Akaokota la pili. Jua lilipotua, tanuruni hamkuwa na jiwe hata moja. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa vivyo hivyo. Siku ya nne wakampa mtu mwingine ile kazi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyekuwa anangoja mwisho mtamu, hata mimi niliungoja.