Jina la Mtoto wa Zaina

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi hii haimtaki msikilizaji wa kuitikia "eeh" tu. Nikimaliza nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" ndiye ataosha vyombo vyote vya leo.

Katika kambi moja ya mkonge waliishi wanawake watatu waliosoma Kiingereza. Msicheke. Walikuwa wakianika singa za mkonge mchana kutwa, na jioni wanakaa kwenye benchi la Mwalimu Shemhina wakisoma. Kitabu kilikuwa kimoja, na kwa kukigombania walitaka kuvunja darasa. Mwalimu alipochoka akachukua kisu cha mkonge, akakata kitabu vipande vitatu, akampa kila mmoja chake. Akawaambia kila mtu aive kwenye kipande chake, halafu awafundishe wenzake, ili siku moja wakae pamoja na kutoa sentensi moja nzima.

Wazo zuri, lakini binadamu mnamjua. Kila mmoja alikikalia kipande chake kama kuku na mayai. Wakafikia hata kukunja kurasa mwenzake asichungulie.

Siwatu aliangukiwa na kipande cha vitenzi vya kutendwa: amepewa, amepigwa, amefungwa, amefukuzwa. Mwenyewe alisema hayo mwanamke wa kambini anayajua hata bila kitabu. Siwatu alikuwa na ulimi mwepesi na moyo wa kutunza siri, vitu ambavyo kwa kawaida havikai nyumba moja.

Semeni alipata vielezi, yale maneno yanayosema jambo limefanyika vipi na lini: polepole, kwa siri, hivi punde. Alijua hata mahali pa kuyaweka. Kwa Kiingereza, alisema, kielezi hujipenyeza katikati ya kitendo cha kutendwa kama mtu anayejibana kwenye benchi lililojaa. Ila Semeni alikuwa na kigugumizi kikali, na mbele ya watu hakufungua kinywa. Yote hayo alikuwa akimwambia mbuzi wake.

Chausiku naye alipata umilikishi, yaani cha nani ni cha nani. Kwa Wazungu mwenye mali hutangulia, mali ikafuata nyuma yake. Chausiku alikuwa ameolewa na mtoto wa Bi Mwantumu, akaishi kwa mama mkwe, na kwa hiyo katika nyumba ile hapakuwa na kitu hata kimoja cha kukitaja kuwa chake.

Sasa mtazameni huyo Bi Mwantumu, maana kilio ni chake.

Alikuwa na binti mmoja, Zaina. Zaina alishazika watoto wawili, na wote walikufia tumboni kwa uchungu uliokaa mno. Alipobeba mimba ya tatu, mama mtu alikuwa halali usingizi. Uchungu ulipoanza alfajiri, Bi Mwantumu hakusubiri yawe yale yale. Alichemsha mizizi ya kuharakisha uzazi, akamnywesha kikombe, akaongeza, na hata njiani, walipokuwa wamembeba kitandani kwenda kituo cha afya, alimnywesha tena. Mizizi iliyobaki aliifunga kwenye pindo la kanga. Aliyemwona ni Siwatu peke yake, naye aliapishwa kwa uhai wa mwanawe kwamba hatasema. Semeni na Chausiku hakuwaapisha. Wao, waliokuwa wakifuata nyuma ya kitanda, walijua kwa pua, kwa sababu harufu ya mizizi ile haifichiki.

Mtauliza siri ya nini. Ni kwamba nesi wa pale kituoni aliwahi kumkuta mwanamke na mizizi, akamsimamisha mbele ya foleni nzima akamsema mpaka akalia. Kila siku alikuwa akiwaambia kwamba mizizi na dripu ya kuongeza uchungu havikai tumbo moja, kizazi hupasuka. Bi Mwantumu alilisikia hilo kwa masikio yake mawili. Lakini aliogopa zaidi neno jingine, asije akaambiwa kwamba hata wale wajukuu wawili ni yeye aliyewaua.

Walipofika kituoni nesi hayupo, ameondoka na gari kumsindikiza mgonjwa mwingine wilayani. Aliyekuwepo ni daktari mgeni, kijana aliyeletwa kutoka nje majuzi tu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Zaina alikuwa ameshalegea. Uchungu uliokuwa ukimrusha sasa ulikuwa kimya, na midomo imekuwa myeupe.

Daktari aliuliza, akauliza tena. Hakuna aliyejibu. Basi akafanya ambacho daktari yeyote angefanya kwa mzazi aliyeishiwa nguvu: akatundika chupa ya dripu ya uchungu, akaanza kutafuta mshipa.

Bi Mwantumu aliijua ile chupa. Moyo ulimwambia fungua pindo la kanga, mwonyeshe. Mkono haukwenda. Mfa maji hushika maji, naye alishika jambo moja aliloliweza, akapiga magoti mlangoni akilia.

"Atakayenitolea mwanangu humo akiwa hai," alisema, "mtoto huyu atachukua jina lake. Naapa."

Na kwa watu wale jina si mchezo. Mwenye jina ni somo wa mtoto. Humvisha kanga ya kwanza, humfunda akikua, na akifa mtoto humlilia kama mama.

Hapo ndipo Siwatu alipomkumbuka mwanawe aliyeapiwa, akafumba macho, akasema kwa Kiingereza: amepewa. Akalirudia, amepewa, amepewa. Mkono wa daktari ukasimama juu ya mshipa. Lakini amepewa nini, na lini? Alidhani labda chakula, labda vidonge vya kliniki vya wiki iliyopita. Akatikisa kichwa, akaishika sindano tena.

Semeni naye akatoka nyuma ya mlango. Kigugumizi kilimshika hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kucheka kama watu wanavyocheka. Hakurudi nyuma. Alilisukuma neno mpaka likatoka: hivi punde. Na jingine: mara kwa mara. Daktari akaishusha chupa kabisa akaiweka sakafuni. Hata hivyo hakujua ni kitu gani alichopewa Zaina, wala amuulize nani. Aliwatazama wanawake wote mmoja mmoja.

Akabaki Chausiku. Angenyoosha kidole? Mkwe hamnyooshei kidole mama mkwe, hata nyumba ikiwaka. Na akisema, kesho ataamka na kanga zake nje, maana wake wa watu wamerudishwa kwao kwa madogo kuliko hayo. Alimgeukia kwanza Bi Mwantumu.

"Mama, nisamehe," alisema.

Kisha akamwambia daktari kwa Kiingereza chake, mwenye mali mbele na mali nyuma: dawa ya mama yake.

Daktari aliwatazama wote watatu, akayaunganisha yale maneno polepole kwa sauti, kama mtu anayeshona. Ikawa sentensi moja, ile ambayo Mwalimu Shemhina alikuwa akiingojea kwenye benchi lake bila kuiona: hivi punde amepewa dawa ya mama yake. Akamgeukia Bi Mwantumu, akanyoosha kiganja. Bi Mwantumu akafungua pindo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Daktari akamwandaa Zaina, na nesi aliporudi na gari alimkuta tayari yuko mezani. Wakapasua. Mtoto wa kike akalia, na Bi Mwantumu akaanguka chini mlangoni kwa kilio hicho. Baadaye nesi alitoka, na safari hii hakumsema mtu. Alimshika bega akamwambia mama na mtoto ni wazima, ila kizazi kilikuwa kimeshaanza kuchanika, imebidi kitolewe. Kama dripu ingeingia, gari lingekuta maiti mbili. Zaina hatazaa tena.

Mmesikia? Mtoto ni mmoja, na hakuna wa pili wa kumpa somo mwingine.

Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, wanawake walijaa kwa Bi Mwantumu. Siwatu alisema yeye ndiye aliyefungua mlango kwa neno la kwanza, na kwamba tangu siku ile mwanawe akikohoa tu halali, anangoja kiapo kije kudai. Semeni alisema, kwa shida lakini alisema, kwamba neno la Siwatu halikuishusha chupa, la kwake ndilo lililoishusha, na kwamba kicheko cha wale watu bado anakisikia. Chausiku hakudai. Alikaa karibu na kanga zake zilizofungwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia aende wala abaki. Alisema tu kwamba bila neno lake mizizi ingekuwa pindoni hadi leo.

Bi Mwantumu alimtazama Zaina, akamwomba achague yeye. Zaina akavuta shuka.

"Uliapa wewe, mama," alisema. "Mimi nilikuwa nakufa."

Mficha uchi hazai, na Bi Mwantumu alificha mpaka akamfungia binti yake uzazi. Akatamani mtu amtukane, na hakuna aliyemtukana. Akampakata mtoto, akainamisha mdomo kwenye lile sikio dogo, machozi yakidondoka kwenye nywele za mtoto ambazo hazijanyolewa. Wanawake wote wakasogea kusikia.

Haya, mtoto ndiye huyo, na sikio ndilo hilo. Aliyevunja kiapo, aliyekubali kuchekwa, na aliyemtaja mkwewe: ungekuwa wewe Bi Mwantumu, ungenong'ona jina la nani? Na wale wawili waliobaki ungewatazama vipi usoni?