Ukifyeka Ndago Umeipalilia

"Ukifyeka ndago umeipalilia." Mmeisikia leo hapa shambani, mwenzenu Kaniki alipoapa kwa mara nyingine kwamba ameacha uongo, na nyote mkanigeukia mimi shangazi yenu mkitaka kujua imetoka wapi. Afadhali, maana mgongo wangu ulikuwa unatafuta sababu ya kukaa. Wekeni majembe chini. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Kulikuwa na kijana hapahapa milimani, Shemweta, mkulima wa vitunguu. Mikono yake ilikuwa na heri, mdomo wake ulikuwa na moto. Mkewe Namkunda akiuliza, "Chumvi iko wapi?" alifokewa. Akinyamaza, alifokewa kwa kunyamaza. Jioni Shemweta aliomba radhi vizuri sana, akaapa, na masikio akayashika. Kulipokucha, moto uleule. Mwishowe Namkunda akafunga kanga zake, akarudi kwao.

Shemweta akamfuata. Baba mkwe wake, Mzee Shekiondo, hakumgombeza. Desturi yao ilikuwa mkwe akikosa, alime kwanza ndipo asikilizwe. Akaonyeshwa bustani ya mboga iliyomezwa na magugu ya ndago.

"Ikitakata, tutaongea habari za mkeo."

Shemweta akacheka moyoni. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameifyeka yote, ikang'aa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

"Baba, tayari!"

"Nimeona. Tungoje mvua."

Mvua ikanyesha. Ndago ikachipuka nene kuliko mwanzo. Akafyeka tena; ikarudi na ndugu zake.

"Baba, bustani hii imerogwa!"

"Haijarogwa, mkwe wangu. Unaipalilia hiyo ndago. Hebu weka panga, chimba kwa vidole."

Shemweta akachimba, akakuta kijiazi cheusi kilichoshikana kwa uzi wa mzizi na kingine, na hicho na kingine.

"Viapo unavyomwapia binti yangu ni panga hilohilo," mzee akasema. "Chini kuna nini?"

Shemweta akafungua mdomo afoke, akaufunga. Akapiga magoti, akaendelea kuchimba, mpaka Namkunda mwenyewe akatoka jikoni na ungo wa kutilia vile vijiazi.

"Vitunguu vyetu vilivyooza," Shemweta akasema bila kuinua uso. "Uliniambia tuving'oe kabla ya mvua, nikakataa. Tangu hapo, kila ukifungua mdomo nadhani utanikumbusha. Basi nawahi kufoka."

"Mwenzio nilikuwa naulizia chumvi tu!"

"Najua. Nilikosea mimi, mke wangu. Na aibu nikaifukia."

Namkunda akachuchumaa upande wa pili wa tuta, akachimba naye.

Msidhani aligeuka malaika siku ileile. Hata mchimbaji hodari huacha kijiazi. Lakini hasira ilipochipua, sasa alijua pa kuchimba. Wakarudi nyumbani pamoja, wakamzaa mama yangu; kwa hiyo nami naishukuru bustani ile, maana bila magugu yake mngekosa shangazi wa kuwachokoza.

Kila mavuno, Shemweta alimpelekea mkwewe vitunguu vya kwanza. Majirani wakamtania, "Mahari hujamaliza tu?" Naye akawajibu, "Mahari nilimaliza zamani. Hivi ni ahsante kwa mzee aliyeniwekesha panga chini. Ukifyeka ndago, umeipalilia."