Hondohondo na Maua Mawili ya Zambarau

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlimani, palikuwa na maua ya zambarau ya aina mbili. Moja la bondeni, tele, tele, ukipiga chafya unaangukia maua elfu. Moja la mwambani, dogo, majani yake yana manyoya, linaota kivulini maji yanapodondoka, to, to, to. Bi Nyuki alikula la mwambani tu. La bondeni lilimtia kichefuchefu.

Wanyama walikuwa na desturi. Ua likipungua, ndege Hondohondo hulihesabu, kisha hulifunga fundo la nyasi. Ukiona fundo, huli. Hata tembo hali.

Siku moja Nyuki akamkuta Funo, yule paa mwekundu, anatafuna mwambani. Kacha! Kacha!

"We Funo! Acha! Yamebaki matatu!"

"Shangazi, fundo liko wapi? Mimi sioni fundo." Kacha!

Nyuki mbio, vuuu, kwa Hondohondo. Mdomo wake mkubwa kama mtumbwi, na hapo nimepunguza.

"Mjomba, shuka ukahesabu ya mwambani, yanakwisha!"

"Yanakwisha? Asubuhi nimepita juu. Zambarau mlima mzima!"

"Hayo ni ya bondeni!"

"Zambarau ni zambarau."

"La bondeni lina miiba, la mwambani lina manyoya! Shuka uone!"

"Nishuke? Na magoti haya?"

"Mjomba, una mabawa!"

"Mabawa ni ya kupandia."

Jamani! Mnamsikia huyo? Nyuki akamzunguka kichwani, zzz, zzz, kutwa nzima, asile, asinywe, mpaka Hondohondo akashuka ananung'unika.

Akatazama. "Kumbe kweli, manyoya." Akahesabu. "Moja." Akatafuta la pili. Akatafuta hadi nyuma ya mwamba. "Moja," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Akafunga fundo, zuri kweli. Funo akaliona, akarudi nyuma.

"Basi, Bi Nyuki, limepona."

"Limepona vipi, Mjomba? Unga wa ua hili nampelekea nani, ili lizae, na mwenzake hayupo?"

Hondohondo akazunguka tena nyuma ya mwamba, kutafuta la pili.

Sasa nyie, wakubwa kwa wadogo: vitu vinavyofanana kwa mbali msivihesabu pamoja. Shukeni mkatazame, ndipo mseme vipo tele. Hadithi yangu imekomea hapo, na asiyesikia shauri yake.