Siku Ngoma Zilipoota Taa

Keti vizuri. Kama una haraka nenda zako kwanza, hii si hadithi ya kusikilizwa kwa mguu mmoja. Nikifika mwisho nitakutwika mzigo kichwani, kisha mimi naondoka mikono mitupu.

Palikuwa na mwalimu mmoja, wanafunzi watatu, na ufunguo mmoja. Ukiisikia hesabu hiyo tu, tayari umeshaijua shida.

Mwalimu aliitwa Gaspari Kapinga, na zamani alikuwa mpiga ngoma. Miaka ishirini alizunguka dunia na ngoma begani. Alipiga Oslo theluji ikidondoka, alipiga Seoul, alipiga Bahia mpaka wenyeji wakamwuliza yeye ni wa mtaa gani. Sanduku lake lilitembea kuliko yeye, maana mara nyingi Kapinga alishukia mji huu na sanduku likashukia mji mwingine. Goti lake lilipoanza kulia kuliko ngoma, akarudi nyumbani, na chuo kimoja cha sanaa pale Dodoma kikamwajiri afundishe usimamizi wa sanaa. Akanunua miwani ya kusomea na kalamu ya rangi nne. Hapo ndipo alipoharibika.

Darasa lake la Jumamosi halikuwa la watoto. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao za sanaa, na watatu kati yao ndio hadithi yetu.

Wa kwanza ni Sekela, fundi wa taa na sauti. Kipaji chake ni vitu. Spika ikikoroma ng'ambo ya uwanja, yeye hujua ni waya gani unaoumwa. Taa zake nne kubwa za jukwaani zilikuwa za kizamani, zile zinazokula umeme kama mgeni wa sikukuu na kutoa joto la tanuri. Wenzake walimcheka. Yeye alizifunga kila moja kwa kanga yake, kama watoto.

Wa pili ni Mama Ndahani, katibu wa kwaya na mwandaaji wa vikundi vya ngoma vijijini. Kipaji chake ni hodi. Mlango aliobisha yeye haujawahi kubaki umefungwa, na si kwamba anabisha kwa nguvu. Anajua abishe saa ngapi, amsalimie nani kwanza, na akaribishwapo akalie kigoda kipi.

Wa tatu ni Chande Likwata, mshereheshaji wa harusi. Kipaji chake ni muda. Kuna harusi moja aliwashikilia waalikwa saa mbili nzima bwana harusi akitafutwa. Alipopatikana, waalikwa walinuna: kwa nini amekatisha maneno matamu?

Hao ndio watu ambao Mwalimu Kapinga aliwachorea visanduku ubaoni. Kisanduku, mshale, kisanduku. Aliwapa na amri tatu: taa ikishafungwa haihamishwi, makubaliano ni karatasi, ratiba ni sheria. Mara mojamoja alijisahau akasimulia safari zake, kama ile siku ngoma yake ilipolegea kwa baridi kule Oslo, akaikausha kwa draya ya nywele aliyoazima kwa bibi mmoja wa hotelini. Darasa likafa kwa kicheko. Yeye akaona haya.

"Samahanini," akasema, "nimewapotezea muda. Turudi kisanduku cha nne."

Mtihani wao wa mwisho haukuwa wa kuandika. Ulikuwa onyesho la kweli, kwenye ukumbi wa zamani wa mtaa ambao ulikuwa umekaa miaka kumi bila wimbo. Ufunguo wake alikuwa nao Afisa Utamaduni, Bi Kokusima, mwanamke mwenye maneno machache na saa kubwa mkononi.

"Ukumbi huu wapo wanaotaka uwe ghala la saruji," alimwambia Kapinga. "Nijazie watu, wasikie sanaa mpaka mwisho, na mmoja wa wanafunzi wako nampa ufunguo miaka mitatu. Mmoja. Jina nalitaka kwako, wewe unayewajua."

"Wakipewa watatu kwa pamoja, je?"

"Mwalimu, mara ya mwisho tuliunda kamati ya watu saba. Kila mmoja akangoja mwenzake afagie. Mwishowe waliohudhuria vikao ni popo. Jina moja. Na jambo jingine: dari ni ya mbao kavu. Ukiwashwa moto humu ndani, hata wa kiberiti, mwenye saruji namwita siku hiyohiyo."

Kila mmoja wa wale watatu aliutaka ufunguo ule mpaka ukamnyima usingizi. Sekela alichoka kufunga na kufungua taa viwanja vya watu. Alitaka azitundike mahali zikae. Mama Ndahani alitaka vikundi vyake, vinavyofanyia mazoezi kwenye mchanga wa korongo kavu, vipate paa. Chande alitaka aache harusi kabla harusi hazijamwacha yeye, aanzishe kundi lake la vichekesho vya jukwaani.

Mwalimu akaandika ratiba. Ndugu yangu, ile haikuwa ratiba, ilikuwa cherehani! Saa kumi kamili, kwaya. Saa kumi na dakika kumi na mbili, makofi. Saa kumi na dakika kumi na tatu, muheme, zile ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzibana mapajani na kuzipiga mpaka ardhi iulize kuna nini. Walioalikwa walikuwa kundi la Bibi Mbeleje, ambalo watu wangelifuata hata porini. Aliwaalika kwa barua yenye muhuri.

Siku ikafika. Na Dodoma, msikilizaji wangu, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuilalamikia mvua. Mnaiomba mwaka mzima, ikija, mnanyamaza. Basi ikaja saa nane mchana, ikamkuta Bibi Mbeleje na wenzake njiani, juu ya pikapu ya wazi, na ngoma zote mapajani.

Walipofika saa tisa na nusu, ukumbi umeshajaa na baraza limejaa waliokuja kujikinga. Bibi Mbeleje akaigonga ngoma moja kwa kidole. Ikalia *pwata*, kama mfuko wa unga ulioanguka.

"Moto uko wapi?" akauliza.

Mwalimu Kapinga akaifunua ratiba yake. Kulikuwa na dakika za hotuba, dakika za picha, dakika za makofi. Ya ngoma kuota moto haikuwamo hata moja. Na kila mtu anajua kwamba ngozi haipigwi kabla ya kuoteshwa. Mtoto anajua. Yeye, aliyeotesha ngoma miaka ishirini, alisahau. Ndani moto marufuku, nje mvua, na Bi Kokusima amekaa mstari wa mbele anaitazama saa yake.

"Nimekwisha," akanong'ona. "Mimi na kalamu yangu ya rangi nne."

Sekela ndiye aliyecheka. "Mwalimu, Oslo ulifanyaje?"

Hakungoja jibu. Akapanda ngazi, akazishusha taa zake zote nne, zile zilizokwisha kufungwa zisihamishwe, akazipanga sakafuni nyuma ya pazia zikitazama ngoma, kama watu wanavyopangia vifaranga taa. Umeme wa ukumbi ule ulikuwa wa kugawana: hizo zikiwaka, jukwaa giza na kipaza sauti kimekufa. Akasema zitahitaji dakika arobaini. Juu yake paa lilikuwa likivuja, na alijua vizuri kioo cha taa yenye moto kikipata tone la maji hufanya nini. Akasimama na kanga mkononi akiyadaka matone. Mengine aliyadaka. Mawili hayakudakika, na taa mbili zikapasuka palepale. Sekela akafumba macho, akahesabu zilizobaki, akazisogeza karibu zaidi na ngozi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla ya kuwasha, Bibi Mbeleje alikuwa ameshakaa juu ya ngoma yake, na haondoki.

"Ngoma zangu si vifaranga," alisema. "Na hiyo karatasi yenu ilinikuta shambani napalilia. Nikaiuliza, we karatasi, umekula? Haikujibu. Umelala wapi? Kimya. Nimekuja ili nimwone huyo aliyeituma, kisha nirudi."

Mama Ndahani akavua viatu. Akapiga magoti kwenye saruji ya baridi, akasema, "Mbukwenyi, Bibi," akangoja mpaka salamu ikarudi, na ilichelewa. Hakuzungumza habari za onyesho. Aliuliza mtama umeotaje, nani anaumwa, nani amejifungua. Akaomba radhi kwa niaba ya yule "mzee mwenye miwani". Dakika zilikwenda, na kila dakika alikuwa anaitoa mfukoni mwake mwenyewe, maana alijua muda unaoliwa ni wa kwaya yake, iliyofanya mazoezi miezi mitatu na imesimama pale mlangoni na sare mpya.

"Bibi, kwenu moto wa kuotesha ngoma huwashwa na nani?" akauliza mwisho.

"Huwashwa na mimi."

"Basi na huu uwashe wewe. Mkono wako ukiuwasha, si ni moto wako?"

Bibi Mbeleje akamtazama Sekela, akaitazama swichi. Akainuka, akaiwasha kwa kidole kilekile alichogongea ngoma. "Kweli una joto," akakiri, akaanza kugeuza ngoma zake mojamoja, kama mpishi wa chapati. Kwaya ile haikuimba siku hiyo, maana jukwaa lilikuwa la ngoma na giza mpaka zamu yake ikapita. Walirudi nyumbani na sare zao kavu, na mpaka leo wawili kati yao hawamsalimii Mama Ndahani.

Na huko ukumbini? Giza, mvua inapiga bati, watu mia tatu wanaanza kutafuta miavuli. Bi Kokusima ameshauweka mkoba begani. Chande Likwata akatoka mbele ya pazia, hana kipaza sauti, hana taa, ana koo tu.

"Jamani, nani hapa aliiomba mvua?" akapaza. "Asijifiche! Tulisema itunyeshee mashamba, wewe ukaielekeza ukumbini!"

Kicheko cha kwanza. Akaugawa ukumbi mafungu: huku mpige makofi kama matone ya kwanza, kule mpige miguu kama radi, ninyi akina baba mnung'unike kama mawingu. Watu mia tatu wakaitengeneza mvua ndani, ikaishinda ya nje. Akamsimulia Mwalimu Kapinga na ratiba yake ("huyu mzee hata chafya ameiwekea dakika!") na Kapinga, nyuma ya pazia, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Aliwashikilia dakika arobaini na tano. Hakuna aliyetoka. Mkoba wa Bi Kokusima ulirudi chini, na miguu yake, nimehakikishiwa, ilikuwa upande wa radi. Lakini koo la Chande lilibaki pale. Kesho yake alikuwa na harusi kubwa, na ilibidi aende mshindani wake.

Pazia likafunguka. Muheme ikalia. Sitaieleza, aliyekuwepo alikuwepo. Nitasema tu kwamba vumbi la miaka kumi lilishuka kutoka darini lenyewe, na popo wakahama bila kuandikiwa barua. Alipomaliza, Bibi Mbeleje alimwuliza Kapinga neno moja tu: "Tunarudi lini?"

Jumatatu saa nne Mwalimu aliketi mbele ya meza ya Bi Kokusima. Ufunguo uko mezani, karatasi iko mezani. Nje, kwenye benchi, wale watatu wanasikika.

"Bila joto langu mngepiga mifuko ya unga," Sekela anasema.

"Joto lako lingekausha hewa, mwanangu," Mama Ndahani anajibu. "Mwenye ngoma alikuwa anakwenda zake."

Chande anakoroma kitu, wanamwambia arudie. "Nasema," ananong'ona kama kuku mwenye mafua, "mngemaliza kuotesha na kupiga magoti, mkafungua pazia, mkawapigia viti!"

Wakacheka wote watatu, na kicheko kile ndicho kilichomwumiza Mwalimu zaidi. Wangegombana ingekuwa rahisi.

"Mwalimu, una dakika tano," akasema Bi Kokusima. "Ukumbi umepona, hilo lisikusumbue. Saruji nimeikataa. Nataka mtu tu."

Kapinga akafikiri. Kila mmoja wao alikuwa amevunja amri moja aliyoifundisha, na kwa kuvunja huko wakaiokoa siku aliyoiharibu yeye. Kila mmoja alilipia: huyu taa, huyu kwaya, huyu koo. Angeondoa mmoja, wawili waliobaki wangekuwa wamehangaika bure. Na aliyewasha alikuwa Bibi, na wazo lilitoka kwenye draya ya Oslo. Lakini Bibi ana ngoma zake, na draya haiandikiwi barua ya ufunguo.

Akabofya kalamu yake. Nyekundu. Akabofya tena. Bluu. Akaiweka ncha juu ya karatasi, kisha akainua uso, akakutazama wewe uliyeketi hapo umekunja nne muda wote huu.

Haya, kalamu nimekuachia, na mimi natafuta kofia yangu. Aliyepata joto, aliyempata mwenye ngoma, na aliyewashika watu: wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili wakikuuliza pale kwenye benchi, ungewajibu nini?