Maji Yaliyorudishwa Kisimani

Hapo zamani, visima vilipokuwa mbali na majirani walipokuwa karibu, palikuwa na mji ulioitwa Mkunguni, na wakubwa wa mji huo walikuwa wamenona. Siwasengenyi, wenyewe walijisema. Walikaa barazani tangu kahawa ya asubuhi hadi kahawa ya jioni, wakihema wanapokaa, wakihema wanapoinuka. Aliyenona kuliko wote ni Jumbe, mtawala wa mji. Kila alipotaka kupanda mnara wake alibebwa na watu wanne juu ya kiti. Hao wanne walikuwa wembamba, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Siku moja akaja tabibu, Mzee Mngwame. Akamshika Jumbe mkono, akasikiliza mapigo, akatikisa kichwa.

"Jumbe, mji wako unakufa kwa kukaa. Watu watoke jasho."

Basi Jumbe akapiga mbiu. "Siku arobaini, kila apendaye na afanye mazoezi. Siku ya arobaini atapanda mnara wangu, vidato mia moja. Akifika juu ataje jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa pumzi moja. Atakayeweza nampa punda."

Na punda mwenyewe si wa mchezo. Mweupe, mrefu, punda wa Maskati, mgongo mpana kama kitanda.

Katika mji huo walikuwako mtu na mkewe na mama yake. Mtu ni Faki. Mke ni Mize. Mama ni Bi Raya, ambaye magoti yalimuuma mwaka wa kumi sasa, hainuki kitandani ila ashikwe mkono. Faki alimtaka punda yule kwa roho yake yote. "Nikimpata," alisema, "sitembei tena kwa miguu."

Alfajiri Faki akakimbia kuuzunguka mji mara saba. Akarudi amelowa. "Mize! Maji!" Mize akaleta maji. Kesho yake Faki akakimbia, akarudi amelowa. "Mize! Maji!" Mize akaleta maji.

Na maji hayo yalitoka wapi? Kisimani. Na kisima kilikuwa wapi? Nyuma ya kilima cha pili. Kabla ya mashindano Mize alikwenda mara tano kwa siku. Mazoezi ya mumewe yalipoanza zikawa mara saba, maana mwenye jasho huoga mara mbili na nguo zake hufuliwa kila siku. Miaka kumi ya mtungi ilikuwa imemla nywele za utosini, akabaki na kipara kidogo cha mviringo, sawasawa na ngata anayowekea mtungi.

Siku moja akasema, "Bwana, na mimi nikajiandikishe?"

Faki akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Mazoezi ya nini tena? Kazi zako za nyumbani ndiyo mazoezi yako. Mwenzio naamka alfajiri kuyatafuta, wewe unayo humu humu ndani!"

Lishikeni neno hilo, tutalihitaji.

Siku ya arobaini ikafika. Jumbe akapandishwa juu na wale wanne. Wakubwa wa baraza wakajaribu, mmoja akakomea kidato cha ishirini, mwingine cha thelathini, wa tatu akasema ana udhuru. Faki akapanda vyote mia, akasema kwa pumzi moja, "Mimi-Faki-bin-Shehe-bin-Ngwali!" Kisha akaanguka chini kifudifudi. "Mize! Maji!"

Mize akasikia. Akajitwisha mtungi, umejaa, akapanda. Mkono mmoja kiunoni, mwingine anajipepea. Akafika juu, tone halikumwagika.

Tabibu, aliyekuwa juu pamoja na Jumbe, akamwangalia. "Na wewe nani?"

"Mimi Mize binti Khatibu bin Makame, na haya ni maji ya Faki bin Shehe bin Ngwali, na Jumbe akitaka yapo ya kumtosha."

Kwa pumzi moja! Watu chini wakapiga vigelegele. "Punda wa Mize! Punda wa Mize!"

Faki akainuka mara moja, uchovu wote umemtoka. "Haiwezekani! Huyu hakufanya mazoezi. Amefanya kazi za nyumbani!"

"Bwana, si ulisema mwenyewe kwamba kazi ndiyo mazoezi yangu?"

"Nilisema nyumbani. Hapa kuna punda."

Jumbe akafikiri, na kufikiri kulimtoa jasho, ndiyo mazoezi pekee aliyofanya mwaka ule. Akasema, "Kila jambo ni nia. Anayechota maji nia yake ni maji. Anayefanya mazoezi nia yake ni jasho. Nia mbili hazikai kichwa kimoja, tena chenye mtungi juu yake. Mize, nakupa siku thelathini. Tia nia, kisha urudi, na Faki apande tena; punda atangoja."

"Nia ya jasho tu, Jumbe?"

"Ya jasho tu."

"Maji yasiwemo?"

"Yasiwemo."

"Nimesikia," akasema Mize.

Asubuhi yake Mize akajifunga kibwebwe, akatia nia kwa sauti ili wote wasikie: "Nanuia mazoezi." Akaenda kisimani, akajaza mtungi, akavuka kilima cha kwanza, akavuka cha pili, akafika mlangoni kwake. Faki alikuwa amekaa kwenye mkeka, amelowa, kata mkononi. Mize akageuka. Akavuka kilima, akavuka kilima, akayamimina maji yote kisimani. Akajaza tena. Akaenda, akageuka, akayamimina. Mara saba.

"Mize! Maji yangu?"

"Maji ni kazi, bwana. Mimi niko kwenye mazoezi."

Jioni akatoa mchi, akatwanga. Twa! Twa! Twa! Bi Raya akashikwa mkono na Faki, akatoka akachungulia kinuni. Kinu kitupu.

"Mwanangu, unatwanga nini?"

"Jasho, mama."

Siku ya kwanza wakala muhogo mbichi. Siku ya pili mtungi wa kunywea ukakauka, wakabaki na kikombe kimoja kimoja cha kuomba kwa jirani. Faki akasema hawezi kwenda kisimani, mwanamume na ngata kichwani, mji mzima utamcheka. Akakimbia mbio zake akarudi na kiu, akalala na kiu. Kulala na chumvi mwilini ni adhabu, muulizeni aliyejaribu.

Siku ya tatu Bi Raya akasema, "Sitakufa kwa kiu kwa ajili ya punda." Akashika ukuta, akainuka. Akachukua kibuyu na fimbo. Akafika kilima cha kwanza, akakaa akalia, akarudi. Siku ya nne akakivuka. Siku ya sita akafika kisimani. Akamkuta Mize anamimina. Mama na mkwewe wakatazamana, kila mmoja akajaza chombo chake, ila Mize alitembea polepole kidogo ili mama asibaki peke yake kilimani. Siku ya kumi Bi Raya akaacha kibuyu akachukua mtungi mdogo. Siku ya ishirini akaacha fimbo.

Siku ya thelathini wakaenda mnarani wote watatu. Faki akapanda, akataja majina matatu kwa pumzi moja, safari hii hakuanguka. Mize akapanda, akataja majina matatu kwa pumzi moja. Bi Raya akapanda, akapumzika kila kidato cha kumi, akafika juu, akataja majina matatu kwa pumzi moja, kisha akaongeza la babu wa babu yake. Aliyekuwa akihema peke yake ni punda. Siku sabini za kufungwa na kulishwa zilikuwa zimemharibu.

Jumbe akasema, "Semeni haki zenu."

Faki akasema, "Mimi nilianza mwanzo, nikanuia mwanzo, na siku zote sabini sikukosa hata moja. Nyinyi mlitaka mazoezi, na mimi nilifanya mazoezi. Punda amwendee nani mwingine?"

Bi Raya akasema, "Dawa hupimwa kwa mgonjwa. Hawa walikuwa na miguu tangu zamani. Mimi nilikuwa maiti wa kitandani, leo nimesimama mbele yako. Nani aliyepona zaidi yangu? Na nyumba imekunywa maji niliyoleta mimi."

Wakamgeukia Mize. Akasema:

"Miaka kumi nimechota. Ikaitwa mazoezi ili nisilalamike, ikaitwa kazi ili nisishinde. Nikaambiwa nitie nia, nikaitia, nikamwaga maji niliyoyabeba mwenyewe, na kila nilipomwaga moyo uliniuma, kwa kuwa nilijua nani ana kiu. Faki anamtaka punda ampande. Mimi namtaka abebe mitungi. Nataka kukaa, Jumbe. Nikae tu, kama watu wanavyokaa."

Faki akaruka. "Mmesikia? Anataka tuzo ya mazoezi ili aache mazoezi!"

"Na wewe unamtakia nini?" akauliza mama yake.

Jumbe akamtazama Faki, akamtazama Bi Raya, akamtazama Mize. Kiu ikamshika. Akasema, "Nitatoa hukumu nikishakunywa maji." Wakatazamana juu ya mnara. Safari hii hakuna aliyepanda na mtungi, na wale wanne wenye kiti walikuwa wameinamisha vichwa, wanangoja kumteremsha.

Wasikilizaji wangu, hapo ndipo nilipofika. Mwenye nia yupo, mwenye kupona yupo, mwenye mtungi yupo, na punda ni mmoja. Je, nani alistahili? Jibuni. Lakini wewe uliyeinua mkono wa kwanza hebu ngoja kidogo, utujibu na hili: maji uliyooga leo kabla ya kuja kukaa hapa, nani aliyachota?